Mama alinichapa kwa mwiko, sasa mimi nachapa mwanangu: dhambi hii ni ya nani?

Bwana asifiwe, mshauri.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kaptembwo, Nakuru. Nashona sare za shule, na kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari silali vya kutosha kwa sababu ya oda. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yuko Malaba, kesho Mombasa. Tuna watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Nimeokoka na naimba kwaya.

Nililelewa Vihiga. Mama yangu alikuwa na hasira za karibu. Mwiko ulikuwa ukitoka kwenye sufuria unakupata mgongoni na ugali wa moto bado umeushika. Hiyo michapo nimeisamehe. Kilichonikaa ni maneno. Alikuwa akituambia, "Najuta kuwazaa." Niliapa kwamba nikipata watoto wangu hawatayasikia hayo maneno hata siku moja.

Wameyasikia. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye cherehani, watoto wako nyuma ya pazia upande wa kitanda. Mvulana akamwaga uji kwenye daftari la dadake. Nikasikia kofi, kisha nikamsikia binti yangu akimwambia kwa sauti ya chini, ile ninayoitumia mimi ili majirani wa ploti wasisikie: "Najuta kukuzaa." Mtoto wa miaka tisa anamwambia ndugu yake hivyo! Mguu wangu uliganda kwenye kikanyagio. Sikujua niende nimchape au nimkumbatie. Sikufanya lolote.

Nilienda kwa mchungaji mmoja anayeendesha maombi ya ukombozi. Akaniambia ni laana ya ukoo, kwamba kuna nyanya upande wa mama aliyefanya agano na roho ya hasira, na haitakatika mpaka nipande mbegu ya shilingi 10,000. Nilitoa nusu. Nikatulia kwa muda, hata nikashuhudia kanisani. Halafu mvulana akamwaga chai kwenye sweta ya mteja, nikamchapa mpaka jirani akabisha mlango. Nikarudi kwa mchungaji. Akasema ni kwa sababu sijamaliza mbegu.

Mama mkwe ni Mkatoliki, anasema ni kwa sababu watoto hawajabatizwa, dhambi ya asili bado imewakalia. Mama yangu mzazi ni wa Kanisa la Friends (Quakers), kwao hakuna ubatizo wa maji kabisa. Na ndugu mmoja katika ushirika wetu ameniambia kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, kwa hivyo nijichunguze kama niliokoka kweli.

Nimechanganyikiwa. Kama Mungu aliumba kila kitu kikiwa chema, dhambi ilitoka wapi? Hii yangu ni ya Adamu, ni ya mama, au ni yangu? Binti yangu naye ameshaharibika? Na kuna kuishinda kweli, ama ni kutubu Jumapili na kurudia Jumatatu?

Mama mwenye aibu, Nakuru

*

Dada yangu,

Nitaanza na swali lako la pili, maana naona ndilo linalokunyima usingizi hata oda zikiisha. Dhambi hii ni yako. Nakuomba usiikunje barua hapo. Ulichopokea kwa mama yako ni cha kweli na nitakirudia, lakini mkono uliomchapa mvulana kwa ajili ya sweta ni mkono wako, na mimi nakuambia hivyo kwa sababu nakutakia mema. Mtu hawezi kutubu dhambi ya nyanyake. Anaweza kuililia, anaweza kuilipia pesa mpaka afilisike, lakini kuitubu hawezi, kwa sababu hakuitenda. Yako unaweza kuitubu leo hii, na iliyotubiwa husamehewa. Yule aliyekuambia kwamba tatizo liko kwa marehemu wa upande wa mama alikuondolea lawama, na papo hapo akakuondolea na dawa.

Fungua Mwanzo 3, usome kinachotokea mara tu tunda linapoliwa. Mungu anamuuliza Adamu, naye anajibu: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Anamlaumu mkewe, na kwa ujanja anamlaumu Mungu aliyempa huyo mke. Hawa anaulizwa, anasema nyoka. Hakuna hata mmoja aliyesema "nimekosa." Mimi naona mafundisho mengi ya laana ya ukoo yanayohubiriwa kwetu yanaturudisha pale pale kwenye bustani, kila mtu akinyoosha kidole kwa aliye nyuma yake, na mwishowe lawama zote zinamwangukia bibi kizee asiyekuwepo kujitetea.

Najua mchungaji huyo alikusomea Kutoka 20:5, kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Je, alisoma mpaka mwisho? Mstari unasema "cha wanichukiao", na unaofuata unasema anawarehemu "maelfu elfu wanipendao." Wewe umempenda Bwana, unaimba habari zake, na bado unahesabiwa upande wa wanaochukia? Kisha nenda Ezekieli 18. Wayahudi walikuwa uhamishoni Babeli wakiimba methali moja, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, maana yake tunateseka kwa makosa ya waliotutangulia. Mungu aliikataza methali hiyo isitumike tena: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe." Sijui kama yapo maneno yaliyo wazi kuliko hayo.

Kuhusu zile shilingi zilizobaki, usizitoe. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama ya Roho, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20). Na kama kuna laana iliyohitaji kulipiwa, Wagalatia 3:13 inasema Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Imelipwa. Anayekuambia kuna salio anakuuzia kitu ambacho si chake.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo ni gumu kuliko yote, na watu wakubwa wamelala nalo na kuamka nalo. Maandiko yanasema Mungu alitazama kila alichokifanya, "na tazama, ni chema sana." Hata hivyo nyoka tunamkuta tayari yumo bustanini, na Mwanzo haitupi historia yake. Wakristo wengi wamesoma Isaya 14 na Ezekieli 28 kama habari za malaika aliyeasi kwa kiburi, ingawa sura hizo zenyewe zinawasemesha mfalme wa Babeli na mfalme wa Tiro. Hata tukikubali kwamba ni Shetani, bado utauliza yeye aliipata wapi.

Aliyelishughulikia swali hili kwa miaka mingi ni Mwafrika mwenzetu, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi inayoitwa Algeria siku hizi, akawa askofu wa Hippo. Ujanani alikuwa amefuata Wamanikayo, waliofundisha kwamba uovu ni nguvu inayojitegemea, inayopigana na wema tangu milele. Alipoacha mafundisho hayo alishika jibu jingine: uovu si kitu kilichoumbwa, ni upungufu wa kitu kilichoumbwa chema. Wewe ni fundi, utalielewa hili haraka. Tundu kwenye kitambaa halikufumwa na mtu yeyote kiwandani. Ni mahali ambapo uzi umekatika, na lisingekuwepo kama kitambaa kisingekuwepo kwanza. Hasira yako nayo ina kitambaa chake. Mungu alikupa wivu wa kulinda watoto wako, bidii ya kazi, na uwezo wa kuona kwamba jambo halijakaa sawa. Hivyo ni vyema. Palipokatika ni pale ambapo sweta ya mteja ilikuwa na thamani kuliko mgongo wa mtoto.

Kwa nini pakatike, kwa nini kiumbe mwema achague vibaya, Agostino mwenyewe hakupata sababu zaidi ya hiari iliyoigeukia nafsi yake ikamwacha Mungu. Mimi naishia hapo pia. Ukipata sababu nzuri ya dhambi, umeshaanza kuitetea.

Na tumerithi nini basi kutoka kwa Adamu? Paulo anasema kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na mauti ikawafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi" (Warumi 5:12). Makanisa yanakubaliana kwamba tunazaliwa tukiwa tumeinama upande mmoja. Pelagio, mtawa wa zama za Agostino, alipofundisha kwamba mtoto huzaliwa katika hali aliyokuwa nayo Adamu kabla ya kuanguka, mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago wa mwaka 418 ulimkataa. Wanapotofautiana ni juu ya hatia. Agostino na wengi wa Magharibi waliomfuata walisema tunarithi na hatia pia. Waorthodoksi husema tunarithi udhaifu na mauti, si hatia ya Adamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ambayo ndiyo ya mama mkwe wako, inasema dhambi ya asili imepokelewa, haikutendwa, na kwamba ubatizo huiondoa lakini mwelekeo wa uovu hubaki, na mtu huitwa kupigana nao. Kwa hivyo hata kwa mafundisho yake mwenyewe, wajukuu wakibatizwa kesho bado mtahitaji kushughulikia makofi. Mwambie hivyo kwa heshima, na suala la ubatizo mlizungumze na mumeo kama suala la imani, lisiwe la kutuliza hasira.

Kwa upande wa mama yako, Friends walifika Kaimosi mwaka 1902 wakiwa na msimamo wao. Robert Barclay, mwanateolojia wao wa Uskoti, aliandika mwaka 1676 kwamba mbegu ya uovu imo ndani ya mwanadamu, lakini haihesabiwi kwa mtoto mchanga mpaka atakapojiunga nayo kwa kutenda. Unaona jinsi nyanya wawili wa watoto wako, kila mmoja na kanisa lake, wanavyokutana mahali pamoja: hakuna anayesema hatia ya mama yako imehamia kwako.

Kilichohamia ni kingine. Maneno huhamia. Binti yako hajui kuzaa ni nini, lakini anajua kwamba mkubwa akikasirika na mdogo, hilo ndilo linalosemwa. Aliyaokota sakafuni kwenu kama wewe ulivyoyaokota jikoni Vihiga, na sitashangaa kama mama yako naye aliyaokota mahali. Hapo kizazi cha tatu kinaonekana kwa macho bila kutafuta agano la siri. Hajaharibika. Ana miaka tisa na amejifunza sentensi moja mbaya, na mtu pekee anayeweza kumfundisha sentensi nyingine ya kushindana nayo ni yule aliyemfundisha ya kwanza.

Kwa hivyo nenda kwake. Usimwite, nenda mahali alipo, ukae chini mlingane macho, umwambie: "Nilikuambia najuta kukuzaa. Si kweli. Nilikosa. Nisamehe." Ukitia "lakini" baada ya hapo, lakini mlikuwa mmenisumbua, lakini nilikuwa nimechoka, utakuwa umerudi kwa Adamu. Kisha mwambie siku aliyozaliwa ilikuwaje na ulimfurahia vipi. Fanya vivyo hivyo kwa mvulana, kwa maneno ya umri wake. Najua kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha, na watakuwepo watakaokuambia umejishusha. Yakobo 5:16 inasema "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi", na sioni pale umri uliowekwa. Umetubu mara nyingi kwa Mungu na kwa mchungaji. Waliokosewa hawajasikia.

Ukishafanya hivyo, soma Mwanzo 4. Baada ya bustani, dhambi inayofuata kusimuliwa ni hasira ya nyumbani, ndugu kwa ndugu. Mungu anamjia Kaini kabla hajainua mkono na kumuuliza, "Kwa nini una ghadhabu? Na kwa nini uso wako umekunjamana?" Anamwambia dhambi inamwotea mlangoni, "walakini yapasa uishinde." Ile nafasi kati ya uso kukunjamana na mkono kuinuka ndiyo Kaini aliiacha ipite, na ndiyo unayopaswa kuitafuta katika siku zako. Yakobo naye anaeleza kwamba tamaa huchukua mimba kwanza, halafu huzaa dhambi. Chai haikuanzisha hasira yako. Ilianza ulipopokea oda usizoweza kuzimaliza, ikaendelea kwenye usiku wa kutolala, na mume asiyekuwepo, na pengine amana ya mteja iliyokwisha kununua unga. Barua yako imenieleza haya yote bila wewe kukusudia.

Basi maombi yako yashuke mpaka huko. Omba neema ya kumkataa mteja wa mwisho. Sare zilizokwisha zitundikwe juu, mikono ya miaka minne isifike. Watoto wale mapema kabla hujakaa kwenye kazi ya usiku. Ukihisi uso unakunjamana, acha cherehani, toka nje ya nyumba, liite jina la Yesu kwa sauti ukiwa peke yako, na usirudi mpaka mikono itulie. Na yule jirani aliyebisha mlango, usimwonee aibu. Nenda umshukuru, umwombe akisikia tena abishe tena, na siku ukizidiwa mpelekee watoto wakae kwake kidogo. Mungu alimuuliza Adamu "Uko wapi?" Nadhani jioni ile alikuuliza wewe kupitia kwake.

Huyo ndugu aliyekusomea 1 Yohana 3:9 amechukua mstari mmoja akaacha barua. Yohana huyo huyo alishaandika, "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe", na tena, "kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba." Anayekemewa na Yohana pale ni yule anayestarehe ndani ya dhambi na kuiita maisha. Wewe mguu wako uliganda kwenye kikanyagio. Mtu aliyestarehe angeendelea kushona.

Kushinda kupo. Warumi 6:14 inaahidi kwamba dhambi haitatutawala, na mimi naliamini neno hilo kama lilivyo. Lakini sioni mahali ilipoahidiwa kwamba itashindwa gizani na mtu peke yake. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipotoka Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, kisha ukaenea mpaka Nyanza, watu walisimama wakataja dhambi kwa majina yake, wakarudisha walivyoiba na kupatana na waliokosana nao. Kutembea nuruni, walikuita. Huko kwenu umekua ukiwaona pia waumini wa African Israel Church Nineveh, kanisa alilolianzisha Daudi Zakayo Kivuli mwaka 1942, ambao kuungama hadharani ni sehemu ya ibada yao. Sikutumi ukasimame mbele ya kanisa zima, na tafadhali usiliandike kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Tafuta akina mama wawili waliokomaa, wasio na mdomo, uwaambie neno kwa neno ulilomwambia binti yako na ulilomfanyia mvulana. "Niombeeni, nina hasira" haitoshi, maana hasira kila mtu anayo. Wakuulize kila wiki, nawe uwajibu ukweli, hata wiki uliyoanguka. Utaanguka wiki nyingine. Siku hiyo nenda kwa mtoto jioni hiyo hiyo, jua lisichwe.

Watakuwepo watakaokutajia Mithali 13:24 na fimbo. Mimi sioni mzazi mwenye ghadhabu akipewa ruhusa mahali popote katika Biblia, na Paulo anaonya tusiwachokoze watoto "wasije wakakata tamaa" (Wakolosai 3:21). Tena Kifungu cha 29 cha Katiba yetu ya 2010 kinamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu.

Mama yako kama yuko hai, usimpigie simu ya kumshtaki. Siku mkiwa wawili, muulize yeye alilelewa vipi, umsikilize tu.

Mumeo mweleze wewe mwenyewe akirudi, asisikie ploti. Na kama kuna usiku unaona mikono haitatulia, au usingizi na hamu ya kula vimekwisha hata nje ya msimu wa oda, nenda hospitali uombe kuonana na mshauri nasaha. Si kukosa imani. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, mchana na usiku, na mzazi anayeogopa mkono wake mwenyewe anaweza kuipiga.